Mita ya nguvu ya redio inasoma sawa "mbele" na "kurudi": kosa liko wapi?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni fundi redio hapa Ujiji, Kigoma. Niliagiza seti ya vipuri ya kujiundia mita ya kupimia nguvu za redio za HF (masafa mafupi), ya wati 100: pete mbili nyeusi za mizunguko 20 kila moja, dayodi mbili, swichi na mita ya mshale ya maikroampea 100. Waya uliokuja na seti ulinikatikia nikisuka pete ya pili, nikanunua mwingine kwa wasuka mota pale Mwanga. Nimemaliza kazi, lakini swichi nikiiweka "mbele" (nguvu inayokwenda antena) au "kurudi" (inayorudi toka antena) mshale unapanda vilevile, hata nikifunga mzigo bandia (rezista inayokaa badala ya antena). Pete zimeungua? Na nikishaitengeneza, nitajuaje kwamba wati 50 inazoonyesha ni 50 kweli, wakati sina kipimo kingine zaidi ya multimita ya kawaida?

Jibu: Salama, fundi. Pete zako karibu hakika ni nzima. Kosa liko kwenye ule waya wa Mwanga. Wala si kwamba waya ni mbovu; ni mzuri kupita kiasi.

Ndani ya boksi lako kuna transfoma mbili. Ya kwanza, tuiite T1, inapitiwa katikati mara moja tu na waya mkuu unaotoka redioni kwenda antena, na mizunguko yake 20 inachota sehemu ndogo ya mkondo. Ya pili, T2, mizunguko yake 20 imefungwa toka waya mkuu hadi athi, na katikati ya tundu lake unapita waya mfupi unaounganisha rezista mbili za omu 50. Waya huo unapata volti ya laini, yaani ya ule waya mkuu, ikiwa imegawanywa kwa 20. Kwenye rezista ya "mbele", kile kilichotoka T1 na kile kilichotoka T2 vinajumlishwa. Kwenye rezista ya "kurudi" vinapingana, na mzigo ukiwa omu 50 kamili vinafutana kabisa. Mita yote ni hesabu hiyo ya kujumlisha na kutoa.

Sasa transfoma moja ikikatika, hakuna cha kujumlisha wala cha kutoa. Ile iliyobaki inagawa chake nusu kwa nusu kwenye rezista mbili, na mshale unapanda sawa pande zote. Tena unapanda kwa nusu ya volti inayotakiwa, na kwa kuwa wati zinakwenda kwa mraba wa volti, utaona robo ya nguvu. Ukirusha wati 40 ukaona kama 10, au pungufu kidogo, huku na huku, basi transfoma moja haipo kazini.

Kuijua ni ipi hakuhitaji kurusha tena. Chomoa redio, antena na mzigo bandia, weka multimita kwenye omu. Gusa ncha ya kati ya soketi ya antena na mwili wa boksi. Inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.2 au 0.5, ambayo ni ya nyaya za multimita yenyewe. Wengi wakiona sifuri hapo hushtuka wakidhani pana shoti, kumbe ni mizunguko ya T2 inayokwenda athi. Kwa umeme wa betri ni waya tu, kwa mawimbi ya redio ni ukuta. Ikisoma wazi kabisa, T2 ndiyo iliyokatika. Kisha pima kila rezista ya omu 50 papo hapo ilipo, bila kuitoa. Zote mbili zinatakiwa kusoma karibu sifuri, kwa sababu T1 nayo inazishusha athi. Zikisoma 25 zote mbili, T1 imekatika, na unachoona ni rezista mbili zikiwa sambamba. Moja ikisoma sifuri na nyingine 50, ule waya mfupi unaopita T2 ndio ulioachia.

Waya wa mota una vanishi iliyotengenezwa kuvumilia joto la mota iliyolemewa. Waya wa kwenye seti nyingi za redio una vanishi laini inayoyeyuka chini ya chuma cha kulehemu. Unashikilia risasi sekunde nne tano, moshi unatoka, shaba inashika. Ukifanya hivyo kwa waya wa mota, risasi inauzunguka kama tone juu ya jani la mgomba. Kwa macho kiungo kinang'aa, lakini chini yake shaba haijaguswa. Dawa ni wembe au msasa laini: kwangua sentimita moja ya kila ncha, geuza waya mpaka umeona shaba nyekundu pande zote, paka risasi, halafu pima omu toka ncha hadi ncha kabla hujafunga pete kwenye bodi. Kuchoma kwa kiberiti na kupangusa pia kunafaa, ila kwa waya mwembamba moto huifanya shaba ikatike kirahisi, kwa hiyo wembe ni bora.

Vipimo vyote vikiwa sawa na mshale bado unasoma vilevile, kuna kosa moja ambalo omu haziwezi kulionyesha. Katika seti nyingi, waya mkuu unaopita kwenye tundu la pete ni kipande kifupi cha kebo ya koaksia ya RG-58. Wavu wake wa nje unafungwa athi upande mmoja tu, upande wa pili unaachwa hewani. Wavu huo ni pazia: unazuia volti ya laini isiruke kwenda kwenye mizunguko, unaacha mkondo tu ufanye kazi. Fundi mwenye bidii akiona ncha ya wavu inaning'inia huifunga nayo athi, akidhani ameboresha. Hapo amefunga mzunguko mmoja wa shoti kupitia katikati ya pete, na transfoma hiyo inakufa. Multimita itasoma sifuri kabla na baada, kwa kuwa upande wa kwanza ulikuwa athi tayari. Tumia macho. Ncha ya wavu iliyo huru ikatwe safi, ifunikwe, na uhakikishe hakuna uzi mmoja wa shaba unaogusa bodi au nati ya soketi.

Kosa la tatu ni jepesi kuliko yote: "mbele" inasoma kidogo na "kurudi" inasoma kubwa. Ncha za mizunguko ya transfoma moja zimegeuzwa. Zibadilishane, au kama bodi imebana, badilisha nyaya mbili kwenye swichi.

Kwa kuwa utasuka upya angalau pete moja, fanya hivi. Kata waya wa milimita 0.5, sentimita 40. Kwa pete ya FT50-43, yenye upana wa milimita 12.7, mizunguko 20 inakula kama sentimita 34 na iliyobaki ni mikia. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza unaoonekana kama umenyooka tu. Hesabu ndani ya tundu, usihesabu nje. Anayehesabu nje huishia na 19 au 21, na mita hukosea kama asilimia 5 ya wati kwa kila pete iliyokosewa, bila dalili nyingine yoyote. Tandaza mizunguko sawasawa kwenye robo tatu ya pete, usiirundike. Tundu lina kipenyo cha milimita 7. Ukishasuka hubaki kama 6, na RG-58 yenye ganda lake ni 5, hivyo inapita kwa shida kidogo. Usiilazimishe ikachubua vanishi: menya ganda la nje, ingiza, funika wavu kwa utepe.

Umeuliza kama pete zimeungua. Feraiti, yaani ile pete nyeusi yenyewe, haiungui kwa urahisi kwenye kazi hii. Kwa wati 100, kila rezista inapata robo wati tu. Jambo la kuhofia ni pete isiyo yake. Ikiwa siku moja itapasuka na ukataka kuibadilisha, usichukue pete ya njano yenye upande mweupe uliyoitoa kwenye pawasaplai ya kompyuta. Hiyo ni unga wa chuma, na mizunguko 20 juu yake haitoshi kuwa ukuta kwa masafa ya 3.5 au 7 MHz. Badala ya kupima nguvu itainywa. Pete nyekundu na njano za redio ni unga wa chuma vilevile, zinafaa kwenye vichujio, si hapa. Unayotaka ni nyeusi au kijivu cheusi, haijapakwa rangi. Lakini hata nyeusi ziko aina mbili. Ya kundi la 43 (ile 43 ya FT50-43) ina nikeli na zinki. Ukigusisha ncha za multimita juu ya uso wake mtupu kwenye kiwango cha juu cha omu, inasoma wazi. Nyeusi za manganizi na zinki, zinazojaa kwenye pawasaplai, husoma makumi au mamia ya kilo-omu. Ikisoma chochote, iweke pembeni.

Dayodi za seti kama yako mara nyingi ni 1N5711, za kioo. Mstari unaelekea upande wa kapasita na mita. Ukigeuza, mshale unajaribu kurudi nyuma ya sifuri. Kunja mguu milimita tatu mbali na kioo, maana kioo hupasuka bila kuonyesha. Kwenye nafasi ya dayodi ya multimita yako, 1N5711 inasoma kati ya 0.3 na 0.4. Ikisoma 0.6 umepewa 1N4148. Itafanya kazi, ila wati ndogo itaziona vibaya. Mbili hizo ziwe za aina moja, la sivyo "mbele" na "kurudi" zitakuwa na vipimo viwili tofauti.

Rezista za omu 50: kama seti ilileta omu 100 nne, ziweke mbili mbili sambamba, miguu mifupi iwezekanavyo. Miguu mirefu kwa 28 MHz ni koili.

Boksi liwe la chuma. Kopo la bati la maziwa ya unga linazidi boksi zuri la plastiki, na bati hushika risasi vizuri, hivyo athi zote unazilehemu moja kwa moja ukutani. Tundu la soketi ya SO-239 ni milimita 16. Chuma cha wati 30 kinatosha kwa bodi lakini hakiwezi kupasha ukuta wa kopo wala mwili wa soketi. Hapo tumia cha 60 au zaidi, safisha kwanza kwa msasa. Athi iliyoshikwa na risasi baridi ndiyo inayofanya mshale uruke ukigusa boksi.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi. Mita hii hailingani na kitu chochote mpaka wewe uilinganishe, na huhitaji mita ya bei mbaya. Betri ya sola na multimita vinatosha, kwa sababu kila kitu ndani yake kinafuata hesabu moja.

Kwenye omu 50, kilele cha volti ni mzizi wa wati mara 10: wati 100 ni volti 100, wati 25 ni volti 50. Kapla yako, yaani zile transfoma mbili, inagawa kwa 20. Kwa hiyo volti inayofika kwenye dayodi ni nusu ya mzizi wa wati. Wati 100 ni volti 5.00, 50 ni 3.54, 25 ni 2.50, 10 ni 1.58, 5 ni 1.12, wati 1 ni 0.50. Dayodi pamoja na kapasita vinashika kilele, na kilele cha volti 5 kwa dayodi kinafanana sana na volti 5 za betri. Basi mpe za betri.

Inua mguu wa dayodi unaotoka kwenye rezista ya omu 50 uwe hewani. Usiruke hatua hii: ule upande wa rezista uko athi kupitia T1, ukiweka betri hapo umeweka shoti. Chukua betri ya volti 12, weka rezista ya omu 470 kwenye chanya ili kuteleza kwa mkono kusiyeyushe waya, kisha potenshomita (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 5 toka hapo hadi hasi. Mguu wa kati wa potenshomita uende kwenye mguu wa dayodi ulioinua, hasi ya betri kwenye mwili wa boksi, multimita ikipima papo hapo kwenye mguu wa dayodi. Kabla ya kuunganisha, geuza potenshomita mpaka sifuri na trima ya mita (rezista ndogo ya kurekebisha mshale) mpaka omu zake zote zimeingia. Mshale wa maikroampea 100 hausamehe. Panda polepole hadi 5.00, halafu rekebisha trima mpaka mshale usimame mwisho kabisa wa kipimo. Hapo ni wati 100. Trima itakuwa imesimama karibu na kilo-omu 48. Ikiwa imefika mwisho na mshale haujafika, kosa liko kwenye dayodi au viungo vyake.

Usiguse tena trima. Shusha potenshomita hadi 3.54, weka alama ya penseli kwenye karatasi nyuma ya mshale, andika 50. Endelea 2.50, 1.58, 1.12, 0.50. Utaona alama ya wati 10 haikukaa pale hesabu inaposema, yaani asilimia 31.6 ya kipimo, bali chini yake, karibu 29. Hiyo ni dayodi inakula volti 0.2 zake kabla ya kupitisha chochote. Kwenye volti 5 wizi huo haufiki hata asilimia 5, kwenye 1.58 unauma, kwenye 0.50 ni karibu nusu. Ndiyo maana kipimo kisichorwe kwa hesabu wala kisinakiliwe kwenye mita ya mwenzako. Na ndiyo maana usiweke trima kwa kutumia wati 10 pekee ukadhani 100 itajipanga: ukilazimisha 10 ikae kwenye 31.6, redio ya wati 100 itapiga mshale nje ya kipimo na utaandika 120. Fanya hivyo hivyo kwa upande wa "kurudi", rudisha miguu ya dayodi, lehemu.

Umeme wa betri hauonyeshi kosa la kapla yenyewe, kwa hiyo kagua mara moja kwa redio. Mzigo bandia wa kuaminika ni rezista 20 za kilo-omu 1, wati 2, zikiwa sambamba kati ya vipande viwili vya bati: zinatoa omu 50 na kubeba wati 40. Ziwe za kaboni au za filamu. Zile nyeupe za saruji zilizojaa kwenye televisheni mbovu ni waya uliozungushwa, ni koili ndani ya udongo, na kwa masafa ya redio hazitakuwa omu 50 hata kama multimita inasema hivyo. Wengine hutumbukiza mzigo kwenye mafuta ili ubebe wati zaidi. Kwa Kigoma mawese yako karibu na bei ni nafuu, lakini yaache jikoni: huganda baridi ikiingia, na yakichacha hula shaba. Mafuta ya transfoma kuukuu ya umeme usiyaguse kabisa, baadhi yana sumu mbaya. Kwa ukaguzi wa wati 10 hewa inatosha.

Juu ya mzigo huo lehemu dayodi nyingine ya 1N5711, mstari ukielekea kapasita ya nanofaradi 10 inayokwenda athi, ya volti 100 au zaidi. Toka kwenye kapasita weka rezista ya kilo-omu 10 kuelekea ncha ya multimita, maana multimita za kidijiti hupagawa mawimbi yakipanda kwenye nyaya zake. Redio iweke kwenye nguvu ya chini, 7 MHz, hali ya CW (ile ya mosi), bonyeza ufunguo sekunde tano. Kwa wati 10 multimita isome kama volti 31.4. Ongeza 0.25 ya dayodi, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa 100, hizo ndizo wati zako. Usahihi wake kwenye nguvu hii ni mzuri: hata ukisahau ile 0.25 umekosea chini ya asilimia 2. Ukijaribu na wati 0.1 kosa hilohilo linafika asilimia 15. Na usivuke wati 12 kwa njia hii. Dayodi hiyo inavumilia volti 70 kinyume, na inapata mara mbili ya kilele.

Kama mita yako na hesabu ya mzigo vinapishana chini ya asilimia 10, funga kopo. Vikipishana kwa robo au zaidi, rudi kuhesabu mizunguko. Kisha geuza mita, redio iingie upande wa antena na mzigo upande wa redio: "mbele" na "kurudi" zibadilishane nafasi kwa usawa. Zisipofanya hivyo, rezista moja ya omu 50 ina kasoro.

Kabla hujalaumu mita kwa kuonyesha 60 kwenye redio ya 100, pima volti kwenye plagi ya redio wakati inarusha. Redio ya wati 100 hunywa karibu ampea 20. Kwa betri ya sola na waya mwembamba volti 12.6 zinaweza kuanguka hadi 11, na wati huanguka nazo kweli. Redio nyingi pia hujipunguza zenyewe antena ikiwa mbaya. Na ukipima sauti ya SSB (namna ya kurusha sauti kwenye HF), mshale hautafika kileleni; piga mluzi mrefu kwenye maikrofoni.

Kupata SWR, yaani kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, gawa wati zinazorudi kwa zinazokwenda, toa mzizi wa jibu. Ukipata 40 mbele na 1.6 nyuma, jibu ni 0.04, mzizi wake 0.2. Jumlisha 1 na 0.2, gawa kwa 1 kutoa 0.2: SWR ni 1.5. Usiifurahie mno SWR nzuri inayopimwa chini ya mlingoti mrefu. Kebo iliyoingia maji inayopoteza nusu ya nguvu kila safari itakuonyesha SWR ya 3 hata antena ikiwa imekatika kabisa juu, kwa sababu kinachorudi kimeliwa njiani mara mbili. Chukua mita, panda nayo, au funga mzigo bandia mwisho wa kebo na ulinganishe wati za chini na za juu.

Mita hii ni ya 1.8 hadi 30 MHz. Watu wa boti watakuletea redio zao za VHF za ziwani, zenye chaneli ya 16 ya 156.8 MHz, na wa redio ya FM watakuletea transmita ya 88 hadi 108. Kwa hizo kapla ya pete hudanganya. Inatakiwa ya mistari ya shaba kwenye bodi, ambayo ni seti nyingine kabisa. Kuwa na mita hakurushi chochote, lakini kuipima redio kwenye antena ni kurusha, na hilo linahitaji leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) ya huyo mwenye redio. Akiwa hana, kazi yako iishie kwenye mzigo bandia.

Radi zikianza usiache kebo imefungwa kwenye mita. Zile dayodi mbili ndogo ndizo huenda za kwanza, na dalili yake ni mshale usiopanda upande mmoja. Nunua nne, mbili ziweke akiba ndani ya kopo hilohilo.